Padre wa Mapepo, Padre wa Kashfa: Kanisa Linavyoonyeshwa kwenye Filamu

Swali: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katekista wa kigango huku Ruvuma, nafundisha vijana wa Kipaimara. Siku hizi filamu wanaangalia kwenye simu zao, na wananiuliza maswali. Wanasema kila wakimwona padre kwenye filamu ya Kizungu, ama anafukuza mapepo, ama ni mtu mwovu aliyejificha ndani ya kanzu. Kwenye filamu za Kinigeria na za kwetu padre hawamwoni kabisa, wanamwona mchungaji. Je, watu wa sinema wanalichukia Kanisa Katoliki? Na mimi niwaonyeshe filamu gani?

Jibu: Milele amina, mwalimu. Walichokiona vijana wako kipo kweli, hawakukosea. Ila sababu yake si chuki, au tuseme chuki ni sehemu ndogo sana ya maelezo. Wengi waliotengeneza filamu za namna hiyo ni watu waliobatizwa wakalelewa kanisani, baadhi yao wakafundishwa na Wajesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki. Martin Scorsese, mmoja wa waongozaji wakubwa wa Marekani, aliingia seminari ndogo New York akitamani upadre kabla hajaishika kamera. Kuelewa kwa nini padre wa kwenye filamu amebaki wa aina hizo mbili, yafaa tutazame kwanza kile kamera inachoweza kuona, kisha tuulize ni nani alikuwa na mamlaka ya kuamua kipi kionekane.

Kamera haioni imani. Inaona kola nyeupe shingoni, rozari mkononi, moshi wa uvumba ukipanda mbele ya altare, sanamu ya Bikira Maria, mishumaa, msalaba ulioinuliwa. Mwongozaji akitaka mtazamaji ajue mara moja kwamba aliyeingia mlangoni ni mtu wa Mungu, Kanisa Katoliki linampa vyote hivyo tayari. Mchungaji wa Kipentekoste mwenye suti na tai itabidi kwanza afungue mdomo ndipo tumtambue. Ndiyo maana hata Marekani, ambako Wakatoliki hawajawahi kuwazidi Waprotestanti, dini ikihitajika kwenye filamu anaitwa padre.

Halafu kuna kitubio. Siri ya maungamo ni zawadi kubwa kwa mwandishi wa hadithi. Mwaka 1953 Alfred Hitchcock, aliyesoma kwa Wajesuiti London, alitengeneza I Confess, hadithi ya muuaji anayeungama kwa padre mjini Quebec, kisha padre huyohuyo anashukiwa na polisi na hawezi kujitetea bila kuivunja siri. Fungu zima la wasiwasi limetoka ndani ya sakramenti. Miaka sitini baadaye, mwaka 2014, filamu ya Ireland iitwayo Calvary inaanzia kitubioni: mwanamume anamweleza padre kwamba utotoni alinajisiwa na padre mwingine ambaye sasa amekufa, na kwamba yeye atamuua huyu anayemsikiliza, kwa kuwa hana hatia. Kuanzia hapo tunamfuata padre huyo mwema, akiitumikia parokia yake huku siku zikihesabika.

Sasa mapepo. Hapa wa kulaumiwa, kama ni lawama, ni mwanamume Mkatoliki mwenye imani. William Peter Blatty alisoma Georgetown, chuo kikuu cha Wajesuiti mjini Washington, na riwaya yake ya 1971 ndiyo iliyozaa filamu The Exorcist ya 1973. Wajesuiti wawili halisi waliigiza ndani yake. Shabaha ya Blatty haikuwa kutisha watu kwa ajili ya kutisha: alitaka kusema kwamba kama uovu wenye akili upo, basi na Mungu yupo. Kiini cha filamu si yule binti aliyepagawa. Ni Padre Karras, daktari wa akili ambaye imani yake imedhoofika, anayejilaumu kwa kifo cha mama yake, na ambaye mwishoni anautoa uhai wake ili mtoto wa mtu mwingine apone. Filamu hiyo ilipata tuzo mbili za Oscar na faida kubwa sana, na mamia ya waigaji wakafuata. Waigaji walichukua kitanda kinachotikisika, sauti nzito na maji ya baraka; sadaka ya Karras wakaiacha. Vijana wako wanaangalia waigaji.

Kuhusu padre mwovu, maelezo yake ni marefu zaidi, na hili ndilo ningependa walielewe vizuri.

Mwaka 1930 kampuni kubwa za Hollywood zilikubali kanuni za maadili zilizoandikwa na Wakatoliki wawili: Martin Quigley, mchapishaji wa magazeti ya biashara ya sinema, na Mjesuiti Daniel Lord. Kwa miaka ya mwanzo zilikuwa karatasi tu. Ilipofika 1934, Wakatoliki kwa mamilioni wakiwa wanaahidi hadharani kususia filamu chafu, ofisi ya kusimamia kanuni hizo ikapewa nguvu ya kweli, na kiongozi wake, Joseph Breen, naye alikuwa Mkatoliki. Kanuni zilikataza kuidhihaki imani yoyote, na zilikataza kumwonyesha mhudumu wa dini kama kichekesho au kama mwovu. Mwaka 1936 Papa Pius XI alizisifu juhudi hizo katika waraka wake kuhusu sinema, Vigilanti Cura.

Matokeo yake ni padre wa dhahabu. Boys Town ya 1938, Spencer Tracy akiigiza kama Padre Flanagan anayewalea wavulana wa mitaani, ilimpa Oscar. The Song of Bernadette ya 1943 ililipeleka jumba zima la sinema Lourdes, mahali pa hija huko Ufaransa. Riwaya yake iliandikwa na Franz Werfel, Myahudi aliyejificha Lourdes akiwakimbia Wanazi na akaweka nadhiri kwamba akiokoka ataisimulia habari ya Bernadeta. Mwaka uliofuata Going My Way, yenye padre kijana anayeimba na kuwavuta watukutu wajiunge na kwaya, ikazoa Oscar saba. Filamu hizi nazipenda, na sioni aibu kusema hivyo. Wema unaoonekana ndani yake ni wema halisi, na mapadre wa namna hiyo wapo, mwalimu, wewe na mimi tunawajua.

Lakini baadhi ya maovu ya mapadre dhidi ya watoto yaliyokuja kufichuliwa Marekani yalitendeka miaka hiyohiyo, wakati skrini ilikuwa imekatazwa kuyataja. Mama aliyekuwa amejaa picha ya padre wa dhahabu angemwaminije mwanawe akimwambia lililompata? Siwezi kusema sinema ndiyo iliyosababisha maovu. Nasema ilisaidia kuwafanya watu wasiweze kuyafikiria. Kanuni zile ziliachwa mwaka 1968. Kilichofuata kilikuwa na ukali wa mtu aliyezibwa mdomo muda mrefu, na baadhi yake kweli kilivuka mpaka. Kingine kilikuwa ukweli mtupu.

Spotlight ni ukweli. Inasimulia jinsi waandishi wa gazeti la Boston Globe walivyofichua, mwaka 2002, kwamba jimbo kuu la Boston lilikuwa likiwahamisha parokia kwa parokia mapadre waliojulikana kuwanyanyasa watoto. Mwishoni mwa mwaka huo Kardinali Bernard Law alijiuzulu uaskofu mkuu. Filamu ilitoka 2015 ikapata Oscar ya filamu bora, na L'Osservatore Romano, gazeti la Vatikani lenyewe, likaandika kwamba si filamu ya kulipinga Ukatoliki. Nakubaliana nalo. Hakuna padre anayedhihakiwa pale. Wanaosikilizwa ni watu wazima waliojeruhiwa utotoni, na mtu anayesikiliza vile yuko karibu na Injili kuliko aliyenyamaza ili jina la Kanisa lisichafuke. Kwa hiyo vijana wakikuuliza kuhusu kashfa, usiwaambie ni uzushi wa Wazungu. Waambie ilitokea, waliojeruhiwa ni watoto wa umri wao, na wao wakiguswa na mtu yeyote, hata mwenye kanzu, waseme.

Ningekuomba pia uwape kipimo kingine cha kuipima filamu. Wasiulize kama padre ni mzuri au mbaya. Waulize kama filamu inaichukulia imani kuwa jambo la kweli, lenye gharama, au imeitumia kama pambo. Ukipima hivyo, orodha inageuka kabisa. Filamu kadhaa zilizojaa misalaba zinaanguka, na nyingine zilizotengenezwa na watu wasioamini zinasimama imara.

Mfano mkubwa ninaoujua ni Injili kwa kadiri ya Mathayo, ya Mwitaliano Pier Paolo Pasolini, iliyotoka 1964. Pasolini hakuamini, alikuwa na siasa za Kikomunisti, na mwaka mmoja kabla mahakama ya Italia ilikuwa imemhukumu kwa kuitukana dini katika filamu yake fupi. Oktoba 1962 alikuwa Assisi kwa mwaliko wa Wakatoliki fulani, siku ambayo Papa Yohane XXIII alikuja mji huo kuhiji. Barabara zikajaa watu, naye akabaki chumbani akachukua Injili iliyokuwa pale akaisoma. Akaamua kuitengenezea filamu, na filamu hiyo akaitoa wakfu kwa kumbukumbu ya Papa huyo, ambaye hakuishi kuiona.

Maneno wanayosema watu ndani yake ni ya Mathayo, hakuongeza mahubiri yake. Yesu ni mwanafunzi wa Kihispania asiyewahi kuigiza. Wanakijiji ni wanakijiji kweli wa kusini mwa Italia, nyuso zimechomwa na jua, meno yamepungua. Maria wa uzeeni, anayeanguka chini ya msalaba, ni mama mzazi wa Pasolini, Susanna, ambaye mwanawe mwingine, Guido, aliuawa vitani 1945. Anapolia pale, haigizi. Na kaburi linapofunguka, mwalimu, hausikii kinanda cha Ulaya. Unasikia Gloria ya Missa Luba, Misa iliyoimbwa na kwaya ya Wakongo wa Kamina, Katanga, chini ya Mfransisko wa Kibelgiji Guido Haazen, na kurekodiwa 1958. Ngoma na sauti za watu wa Katanga, katika eneo ambalo Kiswahili kinazungumzwa sokoni na kanisani, ndizo zinazotangaza Ufufuko katika filamu ambayo Vatikani, mwaka 1995, iliiweka kwenye orodha yake ya filamu 45 zenye thamani kubwa. Sijui kwa nini jambo hili halifundishwi katika kila seminari ya Afrika Mashariki na Kati.

Linanigusa kwa sababu, nje ya wimbo ule, Mkristo wa Kiafrika ametendewa vibaya na sinema. Katika The Nun's Story ya 1959, filamu nzuri sana kwa mengine yote, sista aliyeigizwa na Audrey Hepburn anapelekwa Kongo ya Wabelgiji, na sehemu hizo zilipigwa Stanleyville, yaani Kisangani ya leo. Mapambano ya nafsi ni yake peke yake. Wakongo wanabeba, wanauguza, wanatabasamu. Imani yao wenyewe inabaki pembeni.

Miaka karibu hamsini baadaye Shooting Dogs, filamu kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda, ikapigwa Kigali, katika ileile shule ya ufundi ya ETO, ambako Aprili 1994 askari wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa waliondoka na kuacha zaidi ya watu elfu mbili wauawe. Manusura walishiriki kuitengeneza. Padre aliyeigizwa na John Hurt anakataa kuondoka, na kwa sehemu ametokana na Mfransisko wa kweli kutoka Bosnia, Vjekoslav Ćurić, aliyebaki Rwanda wakati wa mauaji. Ni heshima anayoistahili. Lakini padre anayebeba dhamiri ya filamu ni Mzungu, na Wanyarwanda waliokuwa wakisali pale wakisubiri kifo wamebaki kundi. Wakati huohuo, Arusha, mahakama ya kimataifa ilikuwa inamsikiliza padre Mnyarwanda, Athanase Seromba, paroko wa Nyange, ambako kanisa lilibomolewa kwa tingatinga likiwa na Watutsi wapatao 1,500 ndani. Mwaka 2008 alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na za watu wake katika mauaji yale. Uzito wa namna hiyo, wa Mwafrika aliyeiamini Injili hadi kufa na Mwafrika aliyeisaliti, bado unangoja mwongozaji wa ukanda wetu.

Unaweza kusema: si tuna filamu za Kinigeria na za Bongo, ambako kila mtu ni Mwafrika? Tunazo, na tukubali zimefanya kazi ambayo Hollywood haikufanya. Tangu Living in Bondage ya 1992, hadithi ya mwanamume anayemtoa mkewe kafara apate utajiri kisha dhamiri inamrarua, sinema ya Nigeria imeonyesha hofu tunazoishi nazo: uchawi, tamaa ya mali, mzimu wa uliyemdhulumu. Padre haonekani sana kwa sababu kuna makanisa ya Kipentekoste yaliyotumia kamera mapema kama njia ya kuhubiri, na katika Ukristo wao vita na mapepo ndiyo kazi ya kila siku ya mchungaji. Kijana anayezitazama kwenye kibanda umiza au ndani ya basi la mkoani anapata ujumbe ulio wazi: mganga anaanguka, mchungaji anashinda. Tatizo langu nazo ni moja. Ndani yake Mungu hanyamazi kamwe. Maombi yanajibiwa kabla filamu haijaisha, na asiyejibiwa ni kwa kuwa ana dhambi aliyoificha. Binti wa kigango chako ambaye mama yake aliombewa na bado akafa, hana mahali pa kukaa ndani ya hadithi hizo. Scorsese alihangaika zaidi ya miaka ishirini kutengeneza Silence, iliyotoka 2016, kutoka riwaya ya Mjapani Mkatoliki Shusaku Endo, kuhusu Wakristo wa Japani walioteswa karne ya 17 huku mbingu zikiwa kimya. Pale wanaokufa kwanza ni wanakijiji, na filamu inawapa nyuso na majina. Si ya vijana wa Kipaimara. Ni ya kwako wewe na paroko wako.

Neno moja kuhusu sura ya Yesu. Filamu ya Yesu iliyotengenezwa 1979 kutoka Injili ya Luka, ambayo imepelekwa vijijini kwa gari, projekta na shuka jeupe na kutafsiriwa kwa lugha zaidi ya elfu mbili, Kiswahili kikiwemo, ndiyo filamu iliyomleta Kristo machoni pa wazee wetu wengi. Imefanya kazi njema. Ila Yesu wake ni mwigizaji Mwingereza, Brian Deacon, kama Yesu wa Franco Zeffirelli wa 1977 alivyokuwa Mwingereza mwingine, Robert Powell, ambaye sura yake imekwishatundikwa ukutani katika nyumba nyingi kana kwamba ni picha ya Bwana. Vijana wajue ni waigizaji. Kisha waonyeshe Son of Man ya 2006, iliyopigwa Afrika Kusini, sehemu kubwa kwa Kixhosa. Yesu ni Mwafrika, Herode ana wanajeshi wenye bunduki, na mitume wanatoka mtaa wa mabati. Yesu anauawa kwa siri na kufukiwa ili asahaulike, kama walivyopotezwa wapinzani wengi wa tawala za Afrika. Mama yake anaufukua mwili, anauinua msalabani mbele ya watu wote, ili kila mtu aone walichofanya, na watu wanakuja kuimba. Msalaba unakuwa ushahidi. Sijaona filamu ya Mateso iliyonieleza zaidi Ijumaa Kuu.

The Passion of the Christ ya Mel Gibson wataitafuta wenyewe Kwaresima. Ina vipande vya sala ya kweli, hasa machoni pa Maria, lakini mijeledi yake ni mirefu kupita kiasi kwa watoto, na jinsi inavyowaonyesha viongozi wa Wayahudi inahitaji mtu mzima wa kuwaeleza kwamba Kanisa, tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, linafundisha wazi kuwa Wayahudi kwa jumla yao hawawezi kushtakiwa kwa kifo cha Yesu.

Kama utaonyesha filamu moja tu mwaka huu, chagua Of Gods and Men, ya Mfaransa Xavier Beauvois, iliyotoka 2010. Ni habari ya kweli ya watawa wa Kitrapisti wa Tibhirine, Algeria, walioishi katikati ya Waislamu wakilima, wakisali, na mmoja wao akitibu wagonjwa wa kijiji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vinapokaribia wanapaswa kuamua: waondoke au wabaki? Wanapojilinganisha na ndege walio juu ya tawi, wasiojua kama wataruka, mwanamke wa kijiji anawasahihisha: ndege ni sisi, tawi ni ninyi. Saba kati yao walitekwa na kuuawa mwaka 1996, na 2018 walitangazwa wenyeheri huko Oran. Vijana wako wana majirani na ndugu Waislamu, kwa hiyo hakuna kitakachokuwa kigeni kwao ila baridi ya milima ile.

Filamu ni ya Kifaransa, hivyo itazame kwanza mwenyewe na mtu anayeielewa lugha au anayesoma manukuu yake haraka, uandike mambo ya kuwaeleza. Omba projekta ya parokia. Kwenye simu nyuso zile zitapotea. Watawa wanakaa mezani zaidi ya mara moja kuamua, na mara ya kwanza hawakubaliani: kuna wanaotaka kuondoka, na mmoja anasema waziwazi kwamba anaogopa. Simamisha filamu hapo. Mpe kila kijana karatasi aandike, bila jina, yeye angesema nini na kwa sababu gani, kisha endeleeni kutazama.